Miguu ya Mama Ukutani

Dada mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa wake. Nataraji barua hii inakukuta mzima, mafunzo yako yanakwenda vizuri, na lile paa la bweni halikudondoshei maji tena kitandani. Sisi huku tupo. Ningependa kuandika kwamba hatujambo sote, lakini hilo nitalifikia. Kwanza niruhusu nimseme mume wako, maana nimelibeba jambo hili kifuani mpaka nimechoka, na wewe ndiye uliyetuletea.

Unajua mama anachokitaka siku zote. Hana picha hata moja ya maana. Ile ya kitambulisho anasema inamwonyesha kama mtu aliyekamatwa, na ile ya harusi mchwa waliila pamoja na fremu yake. Anataka picha moja kubwa, amesimama wima, kuanzia utosini hadi miguuni, itundikwe sebuleni ili wajukuu wajue bibi yao alikuwa mtu. Kwa hiyo shemeji aliponunua ile kamera na kuacha kutuchosha kwa habari za kazi yake ya bima, mama alifurahi kutushinda sote. Alishonesha gauni la buluu. Mimi nikamtengenezea viatu vyeusi vya kisigino kifupi, kwa ngozi nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo dukani.

Basi mtukufu akaja kukaa nasi likizo yake. Alitusalimia upesi upesi, akapita sebuleni bila kuketi, akaenda moja kwa moja uani. Nikadhani anatafuta choo. Kumbe anatafuta uzuri. Aliiona ile ndoo yetu iliyotoboka, niliyokuwa nimeiweka kando niitupe, akapiga magoti mbele yake. Ndiyo, dada, mume wako alipiga magoti mbele ya ndoo. Siku alipokuja kukuposa hata kuinama hakuinama.

Akanieleza, kwa ile sauti yake ya kumfundisha mtoto, kwamba watu wa mjini wamechoka na vitu vinavyong'aa, na kwamba mvuto wa kweli umo katika maisha ya kawaida, kwenye kutu, nyufa na vumbi. Nikamwambia kama ni kutu tu, aje dukani kwangu aichukue yote bure. Hakucheka. Alikuja kweli, akaniomba nivue shati nivae lile ninalofutia gundi, na nivue miwani, kwa kuwa miwani inaharibu uzee wa meza. Nikashona soli bila miwani ili mtu mzima afurahi, nikajichoma sindano kidoleni. Hiyo nayo akaipiga picha.

Nyumbani akawa bwana mkubwa wa takataka. Alinikataza kufagia ua kabla hajaamka. Nilipotaka kuziba ukuta wa jikoni pale ulipomomonyoka, alinishika mkono kama ninataka kuua mtu. Alikipiga picha kikombe cha mama chenye ufa, huku na huku, akakisifu mpaka mama akaanza kukionea haya, kisha alipotengewa chai akaomba bilauri. Kwake wewe unakujua, vigae vitupu, na akiona tone la maji sakafuni anamwita mtu afute. Umaskini anaupenda ukiwa wa watu wengine. Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi, lakini huyu anachagua, tena analitafutia mwanga mzuri.

Na mama je? Mama kila asubuhi alivaa gauni lake, akavaa viatu vyake, akaketi mlangoni kusubiri zamu yake. Shemeji akasema mwanga bado. Kesho yake mwanga ukawa mkali mno. Siku nyingine akasema gauni ni la buluu kupita kiasi, jipya mno, kwa nini mama asivae ile kanga ya kupikia. Mama akamjibu kwa upole kwamba kanga hiyo kila mtu ameshaiona. Akaendelea kusubiri, kuanzia chai ya asubuhi mpaka jua la utosi, kwa adabu, kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali.

Siku ya mwisho alichoka. Akavua viatu, akaweka miguu kwenye kizingiti, akafumba macho kidogo. Hapo ndipo mwanga ukapatikana. Shemeji akalala kifudifudi vumbini, akapiga anachokijua mwenyewe, akafunga mabegi na kuondoka, akituahidi kwamba tutafurahi.

Tukaalikwa kwenye maonyesho ya picha zake, katika ukumbi wa maktaba. Mama akavaa tena gauni na viatu. Ndoo yetu ilikuwepo, imewekewa taa peke yake. Kikombe kilikuwepo. Na ukutani kabisa, picha kubwa kama mlango: miguu ya mama. Miguu tu, dada. Magaga yake yote, kucha zake zote, na pembeni ya kidole kidogo cha mguu wa kushoto, doa jeusi. Chini yake pameandikwa "Urithi wa Udongo". Watu wameshika bilauri za sharubati wanatikisa vichwa. Bibi mmoja mwenye shanga kubwa alimgeukia mama, asijue ni nani, akamwambia kwamba miguu ile imemsimulia historia nzima.

Mama akaitazama kwanza. Halafu akasema, bila kupaza sauti, "Hiyo miguu ni yangu. Na uso pia ninao."

Shemeji alikuja mbio, akawatangazia wote kwamba mwenye miguu ndiye huyu, na wale watu, dada, wakapiga makofi. Nilitamani kuing'oa ile picha nimvalishe shingoni.

Mwanamke mmoja hakupiga makofi. Aliisogelea picha mpaka pua ikakaribia kugusa ukuta, akarudi, akamuuliza mama kama ana kisukari. Mama akakubali. Yule mwanamke akasema yeye ni muuguzi, akamkalisha kwenye kiti, akamvua kiatu cha kushoto palepale mbele za watu, akanipa nikishike. Pale kwenye doa palikuwa na kidonda, tena cha kina kirefu. Mama alikuwa hasikii maumivu yoyote. Muuguzi akasema ndivyo kisukari kinavyofanya miguu, mtu anaweza kukanyaga msumari asijue.

Mwenye macho haambiwi tazama. Mume wako alilala chini akaitazama ile miguu kupitia kioo cha kamera cha maelfu ya shilingi, akakiona kidonda, akakiita uzuri. Ningeweza kuishia hapo nikamwachia mzigo wote, na nimekaa siku kadhaa nikijaribu kufanya hivyo. Siwezi.

Kile kiatu nilichopewa kushika, ndani bitana ilikuwa imelowa. Kinabana, dada. Nilikitengenezea kwenye kalibu, ule mfano wa mguu wa mbao, niliyoichonga kwa kipimo cha mguu wa mama nilipokuwa ninajifunza kazi, na tangu hapo miguu yake imevimba na kutanuka. Mteja yeyote akija, hata wa ndala, ninampima mguu mmoja mmoja. Mama sikumpima. Alinipa mguu, nikamwambia atulie, mguu wake ninaujua kwa moyo. Nilijisifu. Halafu nikamwacha aketi na viatu hivyo kila asubuhi, mimi nikiwa na shughuli ya kumcheka shemeji. Nyani haoni kundule.

Hospitali daktari alimuuliza kilichomuumiza. Mama akasema alijikwaa kwenye jiwe. Daktari akauliza jiwe gani linaloumiza ubavuni mwa mguu namna hiyo. Mama akasema, "Jiwe tu, mwanangu," na hakunitazama. Mpaka leo hajanisema. Afadhali angenitukana.

Sasa nifike kwenye lile la afya. Kidonda kimeshika mfupa. Alhamisi wataukata mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo. Mama amekubali, ila amesema kwanza apigwe picha yake, amesimama kwa miguu yote miwili, hata kama ni kwa kumshikilia. Na amesema mpiga picha awe shemeji, kwa sababu, namnukuu, kamera yake inaona. Kwa hiyo mwambie aje. Mwambie ninaomba, mimi mwenyewe, kwa adabu. Nitamshikia taa, nitamshikia mama, na mdomo nitaushika pia.

Jana mama aliniita kitandani, akaniambia nije na utepe wangu nimpime. Nikampima taratibu, mguu wa kulia peke yake.

Anakusalimu sana, anasema usilie, umalize masomo, na ukipata ruhusa uje na sweta. Wasalimie wenzako wote wa bweni. Msalimie na shemeji, na safari hii salamu ni za kweli.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba