Utando Mweusi wa Kaka

3 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Habari za kazi? Sisi tunapumua. Chiriku wangu, mpwa wako, anakusalimu. Homa inapanda lakini mdomo haujapumzika, jana kamwambia daktari anatembea kama bata.

Kile kidonda cha mguu, tangu avunjike, hakifungi. Wameotesha usaha wake maabara wakakuta vijidudu vimekuwa sugu, dawa tano zimegonga mwamba. Mfupa unaoza. Daktari ametupa wiki mbili, la sivyo wanakata juu ya goti.

Uliwahi kunieleza kuhusu utando mweusi mnaoutengeneza maabara, grafini, mwembamba kuliko ganda la kitunguu, unaochana vijidudu kama wembe. Nitumie kipande. Kimoja tu. Nitasaini popote.

Mdogo wako

7 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mpe pole mpwa wangu.

Utando huo haujawekwa kwa mtu yeyote bado. Tumeujaribu kwenye sahani za kioo na kwa panya, basi. Wembe haumjui adui: kiasi kinachoua vijidudu kinaua na ngozi. Ukiingia kwenye damu, hatujui unaishia wapi. Daktari atutumie usaha, mkuu wangu amekubali tuupime kwa utando huo hapa maabara. Kipande sitatuma. Nisamehe.

Kaka yako

10 Machi

Kaka,

Shikamoo. Usaha umetumwa.

Kwa hiyo panya wamepata, mjomba mtu kamnyima mpwawe? Mimi ndiye ninayembadilishia bandeji huku anang'ata shuka. Niambie ukweli: unamwogopea mwanangu au unaogopea kazi yako?

Mdogo wako

14 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Vyote viwili.

Jana nilikata kipande, nikakitia kwenye bahasha, nikaandika anwani yako. Kisha nikakirudisha kabatini. Ukitaka kunichukia, nichukie kwa hilo.

Kaka yako

29 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Siku kumi na tano kimya, na simu hupokei.

Majibu yametoka. Vijidudu vya Chiriku vyote vilikufa kwa saa nne. Ngozi ya mtu tuliyoiotesha kwenye sahani pembeni, nusu yake nayo ikafa. Sijui kama nafanya vema kukuandikia haya. Mguu unaendeleaje?

Kaka yako

6 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima.

Mguu waliukata tarehe kumi na tisa. Yupo hai, homa imeshuka, anakula. Huniomba nimkune kidole gumba kisichokuwepo. Nakuna shuka, ananiambia, "Si hapo, mama."

Hiyo nusu ya ngozi nimeisoma mpaka karatasi imelegea. Nikasema, si nusu nyingine ingebaki? Halafu nikajiuliza, nusu ipi? Akili yangu inajua ulifanya sawa. Moyo bado, na siwezi kuuburuta.

Daktari kaleta fomu ya kuruhusu vijidudu vyake vibaki kwenu, mwendelee kuujaribia utando. Kitanda cha pili kuna mtoto mwenye kidonda kama chake. Nimesaini. Fanyeni haraka.

Chiriku anauliza mjomba anakuja lini. Nimemwambia bado. Usije, kaka, mpaka nikuite.

Mdogo wako