Neno Nililokukatiza

Shangazi,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana hukupenda salamu ibaki hewani.

Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike Idete. Mpunga wako tumevuna, na ndege hawakula sana kwa sababu nilikwenda kuamia mwenyewe. Mvua ilititisha kaburi upande wa miguuni, baba akalijazia udongo. Hayo ndiyo ya nyumbani. Lakini sikukaa hapa kibarazani Mlabani na daftari ili nikuandikie habari za mpunga. Jumamosi iliyopita nilisimama golini tena, mara ya kwanza tangu ututoke. Na kuna jambo nilikukosea, limenikaa kooni miezi yote hii. Nataka nilitoe.

Ila kwanza nikucheke kidogo, nisije nikashindwa kuandika. Wenzako walistaafu jeshi wakarudi na mabati ya kuezekea. Wewe ukarudi Ifakara na gunia la magongo! Watu walidhani umekuja kuwafundisha mabinti kupigana. Mpira wa magongo nani alikuwa anaujua hapa? Ukanishonea kinga za miguu kwa godoro kuukuu na salfeti ya mbolea, ukanivika helmeti ya bodaboda, ukanisukuma golini. Nilipouliza kwa nini mimi, ukasema, "Kwa sababu una kiburi, Anje. Kipa asiye na kiburi ni nyavu tu." Eti hiyo ndiyo sifa uliyoiona kwangu.

Kumbe masomo ulishaanza kunipa zamani, kule shambani. Nilikuwa mdogo, tuko juu ya dungu na makombeo yetu, kweleakwelea wakatua kwenye jaruba la mwisho nikaanza kulia kwamba mpunga umekwisha. Ukanigeuza kichwa kwa mkono. "Hao wameshakula. Angalia wanaokuja." Uwanjani ukawa unaniambia hivyo hivyo kila nilipofungwa, ukiongeza na yaliyopita si ndwele yako, mpaka wachezaji wenzangu wakaanza kukuiga sauti.

Kabla ya kila mechi ulinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya goli. Nifumbe macho. Niuone mpira unakuja chini kulia, niuone mguu wangu unautoa. Juu kushoto, mkono unautoa. Mpaka mwili uamini. Na ole wake mtu aseme "tutafungwa" mbele yako. Ilikuwa kuzunguka uwanja mara tatu, juani, bila huruma. Hata "nisifungwe" ulikataa. Ulisema kichwa hakisikii hiyo "nisi", kinasikia kufungwa tu, kwa hiyo niseme "nautoa". Nilikuamini, Shangazi. Nilikuamini kuliko padri.

Na hapo ndipo nilipoharibu.

Ile wiki ya hospitali, Alhamisi mchana, ulinishika kifundo cha mkono. Ukasema, "Anje, nikiondoka..." Sikukuacha umalize. Nikaruka, "Hee! Neno hilo hapa halitajwi, zunguka uwanja mara tatu!" Ukacheka, ukakohoa. Nikajiona mjanja, nimekurudishia somo lako. Ijumaa ukanishika tena. "Kuna kitu nataka nikuambie, mwanangu." Nikakupangusa uso, nikakwambia utaniambia ukipona, waza mazuri, jione uko Idete unavuna. Uliniangalia kwa muda. Halafu ukageukia ukutani.

Ule mgongo wako, Shangazi.

Jumamosi asubuhi nilifika na chupa ya uji nikakuta kitanda kimetandikwa. Jana yake nilikuaga kwa "kesho basi," kama mtu anayetoka gengeni.

Msibani kila aliyekuja aliniuliza ulisema nini mwishoni, maana wote walijua mimi ndiye niliyekuuguza. Nikawa najibu, "Alitubariki wote." Uongo mtupu. Ulinifundisha kuzuia kila kinachokuja mbele yangu, nami nikakuzuia wewe.

Golini sikuweza tena. Nikikaa kwenye ndoo na kufumba macho, sioni mpira, naona ule ukuta. Nikasema basi, ukipa umeniishia, nikamwachia Kabula. Unamkumbuka, yule binti mrefu wa wafugaji. Nami nikabaki kukukasirikia. Ndiyo, nilikukasirikia! Mbona hukunizaba kofi ukaniambia, "Nyamaza wewe, nakufa, nisikilize"? Ulishindwa nini, mtu uliyekuwa unafokea hadi waamuzi?

Basi Jumamosi hii iliyopita wakaja wasichana wa Kidatu, na siku hiyo baba yake Kabula alikuwa ameacha ng'ombe aje kumtazama kwa mara ya kwanza. Nikamkalisha Kabula kwenye ndoo, kama ulivyokuwa ukinikalisha mimi. Akanong'ona, "Dada Anje, naogopa. Nitafungwa mbele ya baba." "Zunguka uwanja" ilikuwa imeshanifika ulimini. Nikaimeza. Wallahi sijui niliimezaje. Nikachuchumaa nikamwambia aseme yote.

Akasema. Kwamba mzee hakutaka acheze, kwamba akichekwa leo hatamruhusu tena, kwamba usiku ameota mpira unampiga mdomoni. Aliongea mpaka yakamwishia. Kisha akavuta pumzi, akafumba macho mwenyewe, nikaona mguu wake wa kulia unachezacheza kwenye salfeti. Alikuwa anautoa mpira.

Nikageuka nikaenda kusimama nyuma ya mti, nikalia. Ilikuwa rahisi hivyo, Shangazi. Kukuuliza tu, "Unaogopa nini?" na kunyamaza.

Kipindi cha pili akapigwa gongo la kifundo cha mguu, akatoka akichechemea. Wote wakanitazama mimi. Nikavaa. Dakika za mwisho Kidatu wakapata penalti, tumefungana moja moja. Ndani ya helmeti nikasema kwa sauti, "Naogopa. Nimemkosea na hayupo." Halafu nikauona mpira, chini kulia, nikauona vizuri kabisa.

Ukaja chini kulia kweli. Nikaugusa kwa mguu, ukaingia hivyo hivyo.

Tumefungwa mbili kwa moja. Nilijua ungefoka kuhusu mguu wangu mzito. Lakini nilisimama, nikauchota mpira nyavuni, nikawatupia wenzangu katikati, na dakika zilizobaki nilitoa mipira miwili mingine. Baba yake Kabula alinifuata baadaye akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Wiki ijayo naye atacheza?" Nikamjibu atacheza.

Sijui ulitaka kuniambia nini. Nimekisia mengi, na jana nimeamua kuacha kukisia, maana naona nakuwekea maneno mdomoni, na hilo nalo ni kukukatiza. Lilikuwa lako. Umekwenda nalo.

Ninachokuahidi ni hiki. Ndoo itabaki nyuma ya goli, macho yatafumbwa, "nautoa" itasemwa. Lakini kabla yake, kila binti atasema kinachomtisha, na mimi nitafunga mdomo mpaka amalize. Na bibi akizidiwa, na baba, na yeyote wetu, nitakaa kitandani pake nisikilize hata lile nisilotaka kusikia.

Ulitaka tuagane, nikakunyima. Leo nimekaa, sina haraka, simkatizi mtu.

Kwaheri, Shangazi.

Wako,
Anje