Supu ya Olkiloriti

Moshi, 4 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za Olbalbal? Ng'ombe wanapata maji? Mimi mzima, ila kazi ya maabara inanimaliza.

Gome la mti wa olkiloriti ulilonitumia limefika. Tulilikamua dawa yake tukaidondosha kwenye kioo chenye seli za saratani na chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili. Askari waliokuwa wamezubaa wakaanza kuzishambulia. Nimefurahi, nikaona nikuambie wewe kwanza.

Uvimbe wa kooni unaendeleaje? Daktari anakungoja mwezi huu uanze mionzi.

Mwanao,
Naisenya

Olbalbal, 20 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Hatujambo, ukame tu. Nashinda nyuma ya ng'ombe nao wanashinda wakitafuta maji.

Barua yako nimewasomea wenzangu wa rika. Senteu kacheka, kasema mmechelewa kujua. Basi mionzi ya nini tena? Tunaingia olpul, kambi yetu ya kula nyama porini, dume limeshachaguliwa. Nitakula nyama na kunywa supu ya olkiloriti mpaka askari wangu waamke. Usinifuate. Unajua kambi ile mwanamke haikaribii.

Baba yako

Moshi, 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Simu hazishiki huko, kwa hiyo barua hii nampa Simon mwenye duka Karatu aitafutie mtu wa kukufikishia.

Nimekasirika na nimeogopa. Kile ni kioo tu, Baba. Dawa tunaidondosha juu ya seli zenyewe, tena kali kuliko supu yoyote. Supu ikishuka tumboni, kinachofika kwenye damu hatujakijua bado. Sikusema inaponya. Mionzi kwanza, nakuomba. Uvimbe hausubiri utafiti wangu.

Mwanao,
Naisenya

Olbalbal, 19 Mei

Mwanangu,

Habari za huko? Mimi si mzima.

Barua yako ilinikuta olpul. Nilitaka kutoka, lakini mtu haondoki kabla dume halijaisha, nami nikaona aibu mbele ya wenzangu. Nyama ikaanza kunikwama. Nikawa naitafuna na kuitema majanini, najifanya nimeshiba. Senteu aliniona. Akawa ananichujia supu na kuninywesha.

Sasa hata supu inarudi puani. Wengine wanasema niongeze gome. Nimechoka, Naisenya. Hao askari wa kwenye kioo dawa mnawadondoshea. Wangu wanangoja koo lifunguke.

Njoo na gari. Senteu atanifikisha barabarani.

Baba yako

Moshi, 24 Mei

Baba,

Pole sana. Nakuja kesho na gari. Barua hii nampa dereva anayeondoka leo itangulie, kwa sababu sitaki uyasikie haya mbele za watu.

Nimeongea na daktari. Anasema mionzi sasa haitaondoa uvimbe. Huenda ikafungua koo kidogo, unywe maji bila kuumia. Ni hilo tu, Baba. Ningetamani kukuandikia kingine.

Ukikataa kuja, nitakaa nawe hapo hapo Olbalbal. Kazini nimeshaaga.

Mwanao,
Naisenya