Nimemnyooshea Mkwe Wangu Tairi Alizozipinda Makusudi

Mpendwa Shangazi wa Ukurasa wa Tisa,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye niliyekuzidi basi ipokee hivyo hivyo, maana mwenzio nimekwama na naomba msaada, naomba na usiri pia, ingawa nikimaliza kueleza mtaa mzima utajua ni mimi.

Mimi ni fundi wa alaimenti. Maisha yangu yote nimekula kwa kunyoosha tairi za magari ya watu, gari linaletwa linavuta kushoto kama mbuzi aliyeona majani, naliweka sawa, linaondoka limenyooka, ndiyo maana mtaani wananiita Mzee Sawasawa. Sasa nimeacha kazi kwa sababu ya macho, cha mbali nakiona lakini cha karibu chote ni ukungu, unisamehe kwa hizi herufi kubwa, ila vidole vyangu bado vina akili zao. Naishi na mwanangu na mke wake, na huyo mke wake ndiye habari yenyewe.

Shangazi, huyu binti sijui nikusimulieje. Anafanya kazi kliniki, anatengeneza meno ya bandia, mtu mpole, wa "Baba umeamkaje, Baba umeshindaje," na mimi naye tunaheshimiana kama inavyotakiwa mtu na mkwe wake, mzaha hatuna. Siku moja akaja na boksi limejaa vipande vidogo vidogo, akaniambia, "Baba, hiki ni kigari cha rimoti, cha kuteleza, nitakiunga hapa mezani karibu na kiti chako, kelele zikizidi uniambie." Nikacheka kimoyomoyo, nikasema kumbe hawa wanajiandaa kuniletea mjukuu.

Thubutu! Kile si kitu cha mtoto. Nilijifanya nasikiliza redio, kumbe masikio na macho yote yako mezani kwake. Kina mota, kina gia, kina shokomzoba nne ndogo kama vifuniko vya kalamu na kila moja anaitilia mafuta yake, kina na kidude kinachohisi mkia ukianza kukimbia halafu chenyewe kinageuza tairi za mbele kuuwahi. Alipofika kwenye gia mbili zinapokutana, akachana kipande cha karatasi, akakipitisha katikati, akazisogeza mpaka karatasi ikapita imebanwa lakini haikuchanika. Nikashindwa kujizuia, nikamuuliza hiyo kakufundisha nani. Akasema, "Ndivyo ninavyofanya na wagonjwa, Baba, nawang'atisha karatasi nione meno yanakutana wapi." Mwe! Nilikaa na hilo neno mpaka siku ya pili.

Na bodi je? Bodi ni plastiki angavu kama chupa ya maji, na rangi inapakwa kwa ndani, kinyumenyume, unaanza na ile michirizi midogo ya juu, unamalizia na rangi kubwa ya chini, ukikosea mwanzo huna pa kufutia. Alipaka kwa subira mpaka mimi niliyekaa nilichoka, alipoigeuza ikang'aa, nikampigia makofi peke yangu.

Siku alipokiwasha ndiyo nilikoma. Tairi zake ni plastiki ngumu, mpira hazina hata chembe, na sebule yetu ina vigae. Kigari kikatoka jikoni kimekwenda ubavu, tairi za mbele zinatazama kule, mkia unakuja huku, kikaizunguka miguu ya meza bila kugusa hata mmoja, kikapita mbele ya kandambili zangu polepole kama kinanisalimia. Nilisimama, Shangazi, mimi na goti langu hili! Mtu niliyeishi kwa kuzuia magari yasiende upande, naona gari linakwenda upande kwa adabu kuliko yale yangu yaliyonyooka. Na anavyolirekebisha sasa! Leo anasogeza betri nyuma kidogo, anajaribu, kesho anabadilisha springi, anajaribu, akigusa kimoja hagusi cha pili mpaka aone cha kwanza kimefanya nini, na hilo ndilo nililowapigia kelele vijana wangu wa gereji mpaka sauti ikakauka wasinielewe.

Sasa sikia nilichofanya. Mchana mmoja yeye yuko kazini, kesho yake ni siku ya mazoezi kwenye ukumbi na wenzake wa chama chao cha vigari hivi, nikakichukua kigari nikifute vumbi. Vidole vikapita kwenye tairi za mbele, vikashtuka. Zimeinama, juu zimeingia ndani, na pua zake moja inatazama huku nyingine kule, za nyuma nazo zimebana pua ndani kama miguu ya mtoto aliyebanwa na mkojo. Nikasema maskini, kuunga kajua, alaimenti hakuna aliyemfundisha, na baba mkwe fundi amekaa tu hapa na redio yake. Nikaona nimpe zawadi. Nikafanya kama nilivyofanya kwa kila gari lililoingia kwangu, kwanza nikapima zilivyokuwa, nikachora kila mstari kwa chaki sakafuni, halafu nikachukua bisibisi zake nikazinyoosha zote nne, kwa kupapasa tu, na nakuapia zilinyooka. Nikatandika mkeka juu ya chaki ili asione fujo yangu. Nikakaa nikijisifu.

Kesho yake tukaenda wote, na mwanangu pia. Kona ya kwanza kigari kikazunguka kama pia. Akakirudisha, kikazunguka tena. Mara ya tatu kikaenda kujibamiza kwenye mbao za pembeni, watu wakasema "aaah," na wale walikuwa wamekuja kumtazama yeye. Nyumbani akafungua bodi, akazitazama zile tairi muda mrefu, akasema, "Baba, ningeapa kwamba nilizipinda. Nilikuwa na hakika. Kumbe hata sikumbuki mikono yangu inafanya nini." Halafu akanieleza kwa upole wake ule ule kwamba zinapindwa makusudi, kwamba kigari kikilala kwenye kona ndipo ile tairi iliyoinama inakaa vizuri chini, na kwamba kule kubana kwa nyuma ndiko kunakoushika mkia usikimbie. Mimi namsikiliza kama mtu anayesomewa hukumu. Na sikusema kitu, Shangazi. Nikasema, "Pole, mwanangu." Basi.

Hakunishuku hata kidogo, atamshuku vipi mzee ambaye yeye mwenyewe ndiye anayemsomea gazeti kila Ijumaa kwa sababu haoni herufi? Kigari kimerudi kwenye boksi, boksi liko juu ya kabati. Mashindano yenyewe ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, kiongozi wa chama chao amesema nafasi yake ipo mpaka Jumamosi, yeye amesema haendi. Mwanangu anasema afadhali, sebule ipumue. Lakini linaloniumiza zaidi ni kwamba sasa hata kazini anarudia kila jino mara mbili mara tatu, anachelewa kurudi, nikamuuliza kwa nini, akasema haiamini tena mikono yake. Ile mikono!

Nikimwambia, naogopa atahamisha meza yake iende chumbani, na mimi ile meza ndiyo ilikuwa gereji yangu ya mwisho, nilikuwa naamka asubuhi nikiisubiri. Halafu ni mkwe wangu, naanzia wapi kumwambia nilipekua vitu vyake? Nimefikiria hivi, chaki bado ipo chini ya mkeka, je, nikishushe kigari siku hayupo, nizipinde tena kama zilivyokuwa, nirudishe juu ya kabati, aje akikute kizuri aendelee na maisha? Nishauri, ninakwisha.

Wako, Mzee Sawasawa ambaye hayuko sawa.

*

Mzee wangu,

Marahaba. Nimekuzidi, na usiulize kwa mingapi. Umeomba usiri halafu ukatia jina lako la mtaani kwa herufi kubwa kama vigae vya bafuni, mhariri akadhani ni bango. Nimeliacha. Utaona kwa nini.

Pole kwanza. Mimi sijui kigari cha kuteleza wala cha kutambaa, lakini nilipomaliza barua yako nilitamani niwe nimekaa kwenye kiti chako siku kile kigari kilipopita mbele ya kandambili. Baba wakwe wangapi wananiandikia hapa! Huyu analalamika chumvi, yule analalamika simu. Wewe umeandika kurasa nzima kumsifia mke wa mwanao anavyopitisha karatasi kwenye gia. Upendo wako nimeuona, wala sina shaka nao.

Sasa nikugombeze. Hivi wewe, gerejini kwako, kuna siku gari liliingia ukaligusa kabla hujamuuliza mwenyewe lina nini? Hata mara moja? Basi kwa nini hili? Nitakwambia kwa nini. Kwa sababu ni dogo, na kwa sababu mwenyewe anakuita Baba. Ulisifia kila kitu alichofanya, lakini ulipokuta jambo usilolijua ukaamua moja kwa moja kwamba yeye ndiye asiyejua. Umemtazama anajaribu kimoja kimoja, siku nenda siku rudi, halafu ukadhani tairi zimepinda kwa bahati mbaya! Hapo, mzee, ulinikasirisha.

Lakini tairi ni skrubu, zinarudi. Kosa lenye uzito ni lile "Pole, mwanangu. Basi." Mtu amesimama mbele yako anasema haijui tena mikono yake, na wewe unajua kwamba mikono yake haina kosa, ukameza mate. Kila siku unayonyamaza anarudia meno ya watu mara tatu kwa ajili ya bisibisi yako. Na hilo wazo lako la kukishusha kigari kwa siri uzipinde tena, likome leo hii! Akikikuta kimejirudi chenyewe atakuwa mwendawazimu kabisa. Usikiguse. Hata vumbi usikifute.

Utafanya hivi. Utamwambia kwa mdomo wako, maneno machache, "Nilizinyoosha mimi, wewe ulikuwa umezipinda vizuri." Usianze na habari za macho wala za nia njema, hizo atazijua baadaye. Utakunja mkeka, umwonyeshe chaki. Hapo ulifanya jambo la maana bila kujua, mzee, maana ule mchoro ndio ushahidi kwamba kumbukumbu yake ni nzima. Alisema ningeapa, na sakafu inamuunga mkono. Atazipinda mwenyewe, kwa vidole vyake, na wewe utashika tochi ukiambiwa ushike. Mwanao naye mwambie, mbele ya mkewe, ili ile "afadhali" yake airudishe mdomoni. Na Jumapili utakwenda, utakaa nyuma ya kamba, mikono mfukoni.

Unaogopa atahamisha meza. Anaweza. Ni meza yake. Akiihamisha utavumilia, na siku akiirudisha utamwomba akufundishe kupinda, maana kunyoosha umenyoosha vya kutosha. Nadhani ataanza na wewe pale pale mlipoishia, kwa sababu kwa mujibu wa barua yako huyo ni mtu anayebadilisha kimoja kwanza akaona kimefanya nini. Lakini hilo siwezi kukuahidi.

Tumalize na ukweli, mzee. Magazeti yako mengi, na redio unayo pembeni ya kiti. Ukaandika kwangu, kwenye ukurasa unaosomewa na mkwe wako, kwa sauti, kila Ijumaa. Unanifanya mimi mtoto? Ulitaka mimi niseme ili wewe usiseme. Haya, yameshasomwa yote, na aliyeyasoma ni yeye.

Binti yangu, najua sauti ilianza kukukauka pale kwenye kipande cha karatasi, ukaendelea kusoma kwa heshima tu. Mikono yako ni mizima, ilikuwa mizima siku zote. Sasa kunja gazeti, uliweke mezani, umtazame. Usimsaidie hata neno moja.

Mzee Sawasawa, zamu yako.