Bomba la Tunu Limepita Chini ya Baraza Langu

Mpendwa Bi Eufrazia, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijaadhirika mtaa mzima. Mie naishi Mtoni, na jirani yangu Tunu wa ng'ambo ya barabara, ambaye tumekuwa kama ndugu tangu tulipoolewa, kavuta maji, na bomba lake limechimbiwa barabarani likapita pua na mdomo na mlango wangu mpaka kwake, mie bado nahangaika na ndoo, basi roho ikaniuma Bi Eufrazia, sikufichi, maana kila anayekuja ni Tunu maji, Tunu bomba, na mume wangu Mbwana ndo kabisa, anaenda kuchota kwake halafu anarudi anacheka peke yake, nikimuuliza anasema, "Tunu ana maneno yule!" Maneno gani? Mie sina maneno? Nikaita fundi, nikamwaga zege, nikasogeza baraza langu mpaka juu ya lile bomba, nikasema chini ya mlango wangu ni kwangu. Sasa bomba limepasuka humo humo chini ya baraza, kwa Tunu halitoki hata tone, na Jumamosi anamwoza binti yake Najat, ambaye mie ndo somo yake, mie ndo wa kumsinga mwili kwa liwa na kumwogesha. Mafundi wa maji wamekuja nimewazuia. Tunu akatoka, hakunitukana, akasema tu, "Zubeda, si mwanao huyu?" Nikamwambia huyo mwali akaogee baharini Kunduchi. Tangu hapo Mbwana hasemi na mie. Je, ardhi ya chini si haki yangu?

Zubeda, Mtoni

Marahaba, Zubeda. Pole kwa roho kukuuma, wivu hauna mwenyewe. Lakini bibi wee, umezidi! Kiwanja chako kinaishia kwenye bikoni, yale mawe ya mpaka. Kutoka hapo ni eneo la barabara, mali ya umma, juu na chini, na ndiyo maana mabomba na nyaya hupita humo kwa kibali bila kukupigia wewe hodi. Kama ulishuku kibali, ungekwenda kuuliza serikali ya mtaa. Mvamizi hapo ni wewe na zege lako, na wenye barabara wakija watalivunja kwa gharama yako.

Na huyo Mbwana, kama una neno naye muulize yeye, usiliulize bomba. Mwanamume anakuchotea maji, unanuna!

Sasa sikiliza. Leo hii waite mafundi wavunje baraza wazibe bomba, na uombe na wewe kuunganishiwa, maana maji yameshafika mlangoni kwako. Kisha vuka barabara umwambie Tunu, "Nimekukosea." Usimweleze habari za ardhi. Somo mwingine hupatikana kwa siku moja, mwanangu. Ukichelewa, Jumamosi Mbwana atavaa kanzu aende harusini, na wewe utabaki ng'ambo ya pili, umekalia baraza lako, unasikiliza vigelegele vya mtoto uliyetakiwa umtoe ndani wewe.