Moja, Mbili, Ataondoka Lini

Mwenzangu, nimechoka. Ardhi ipasuke inimeze.

Kutwa nzima niko chini ya meza na bisibisi, naipachika kadi mpya ya sauti kwenye ile kompyuta yangu ya gemu. Nawasha, hedifoni kimya. Nikajirekodi kujaribu maiki: "Moja, mbili, hivi mama mkwe ataondoka lini?"

Nikaicheza. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho.

Kumbe kompyuta imejiunga kwa bluetooth na spika ya sebuleni! Na sebuleni kakaa nani? YEYE.

Mara tatu, mwenzangu. "Ataondoka lini." Ya tatu imetikisa vioo.

Akabisha hodi taratibu. "Baba, usihangaike tena, inasikika vizuri. Nitaondoka Jumamosi."

Nami nikamjibu, "Asante, mama."

ASANTE! Asante ya nini, jamani?