Mitungi Mitatu kwa Mwezi

Jumanne, 1 Julai 1986

Nimesahihisha madaftari ya Darasa la Sita mpaka macho yakaniwasha. Mchuzi wa samaki ukaungua huku nimezama katika hesabu za sehemu. Nikampakulia Baba hivyo hivyo na kujiandaa kwa maneno. Baba huyu ndiye mpishi wa harusi za Malindi. Alizoea kusukuma sahani kwa sababu kitunguu kimepita rangi kidogo tu. Leo kala wote. Akanawa, akamshukuru Mungu, akaenda zake barazani.

Uzee umemlainisha. Nimefurahi, sitaficha. Tangu nirudi nyumbani na talaka yangu, hii ndiyo mara ya kwanza kupika hapa bila kuhukumiwa.

Bili ya gesi imekuja. Mitungi mitatu kwa mwezi wa Juni. Sisi ni watu wawili, na mtungi mmoja hutupitisha mwezi mzima na kubaki. Watakuwa wamekosea dukani.

Alhamisi, 3 Julai

Hawakukosea. Mwenye duka kasema mitungi ilifikishwa mlangoni kwetu na mitupu ikarudi. Nani aliagiza? Yule mama anayewafulia, kasema. Yaani Kadzo.

Kadzo kwao Magarini, ila siku hizi anakaa Maweni na wanawe. Huja asubuhi nikiwa shule, hufua, hufagia, huondoka Baba akienda kuswali adhuhuri. Mambo ya gesi yanamhusu nini? Nimerudi nyumbani kichwa kinaniuma. Mshahara wa mwalimu haubebi mzaha wa namna hii.

Jumamosi, 5 Julai

Nimepaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi na kwenye kichwa cha mtungi. Hakuna bubujiko lililotoka. Mpira ni mzima. Mtungi mpya umefungwa leo. Nitauchunga kama mtoto mchanga.

Vitunguu navyo vimekwisha. Nilinunua kikapu kizima juzi.

Jioni alikuja Bi Rukia, jirani. Bintiye Swafia anaolewa Jumamosi ya tarehe kumi na tisa. Kaja kumkumbusha Baba ahadi aliyompa marehemu mumewe, kwamba biriani ya harusi ya Swafia ataipika yeye kwa mkono wake. Baba kaitikia, lakini kwa sauti ndogo. Zamani angeanza hapo hapo kuuliza mbuzi wangapi na mchele gani. Huku kwetu sufuria la harusi halipakuliwi mpaka mpishi aonje mbele ya wazee na kusema tayari. Neno lake likitoka limetoka. Na biriani ikiharibika, harusi hiyo husemwa mpaka bibi harusi awe na wajukuu.

Jumatatu, 7 Julai

Mchana nimepita nyumbani kuchukua madaftari niliyosahau, nimekutana na Kadzo njiani akitoka kwetu. Kabeba bakuli, kalifunga kwa leso. Nikamwambia afungue. Pale pale barabarani, watu wakipita. Wali na rojo, vitunguu vimejaa.

Nilipandwa na hasira. Nilimwita mwizi. Nilisema anapika kwa gesi yangu akalishe Maweni nzima. Akasema, "Mwalimu, nimepewa ni mzee."

Nikamrudisha hadi nyumbani, nikamuuliza Baba mbele yake kabla hajaenda kuswali. Baba akatazama ukuta. "Mimi sikumpa kitu." Kadzo akamwangalia Baba muda mrefu. Akaliweka bakuli juu ya baraza, akakunja leso yake, akaondoka. Nimemwambia asirudi.

Kile chakula nimemwagia paka wa jirani. Kanusa, kalamba mara moja, kaenda zake. Paka naye siku hizi anachagua.

Sina raha, ila nina hakika.

Jumatano, 9 Julai

Nimefua mwenyewe. Mikono imechubuka. Kabla ya kulala nimeutikisa mtungi. Mwepesi. Kadzo hajatia mguu hapa tangu juzi.

Nyumba hii ina watu wawili, na mmoja ni mimi.

Alhamisi, 10 Julai

Sijui niandike vipi.

Maji yalikatika shuleni, watoto wakaruhusiwa mapema. Nilipofika mlangoni kwetu harufu ya gesi ikanipiga usoni. Nilikimbilia jikoni. Dirisha limefungwa kabisa. Baba kakaa juu ya kigoda, sufuria ndogo ndogo zimepangwa mbele yake, na mkononi ana kijiti cha kibiriti tayari kukwangua.

Nilipiga ukelele ambao sijapata kuupiga. Nikampokonya kibiriti, nikafunga gesi, nikafungua dirisha na milango yote. Upepo wa kusi ukaingia kwa nguvu.

"Mbona wapiga kelele, Mwanaidi?"

"Baba, gesi! Nyumba nzima yanuka gesi!"

"Gesi gani?"

Aliuliza kwa dhati. Alivuta pumzi mbele yangu, kwa pua, kwa muda. Kisha akanitazama, na nikaona kwamba ameogopa kuliko mimi.

Mchuzi wangu ulioungua. Hakusamehe, hakulainika. Hakujua.

Ijumaa, 11 Julai

Amenieleza leo, baada ya swala. Alinieleza akitazama nje.

Ni yale mafua ya baada ya Idi. Mafua yalikwenda, harufu haikurudi. Kisha ladha nayo ikaondoka. Chumvi, sukari, ndimu, kwake ni mamoja. Pilipili inamchoma tu, haina utamu. Daktari wa hospitali alimmulika puani akamwambia asubiri, huenda ikarudi na huenda isirudi. Haya yote peke yake, na mimi nimo ndani ya nyumba hii hii.

Akaamua kujifunza upya. Kupika kwa jicho, kwa mkono, kwa sauti ya mafuta. Kila nikitoka kwenda shule, yeye jikoni. Kadzo alikatazwa kuingia, alitumwa mtungi tu ukiisha. Upepo ukapuliza dirishani, ukazima moto, na gesi ikaendelea kutoka. Mara ngapi? Hajui. Alipoona moto umezimika alifunga dirisha na kuwasha tena. Ndiyo mitungi yangu mitatu hiyo.

Na chakula alimpa Kadzo, kila siku, ili kesho yake amuulize kilikuwaje. Na kila siku Kadzo alijibu kitamu, mzee, Mungu akuzidishie. Angesema nini mwingine? Mtu mzima kakupa chakula kwa mikono miwili, utamwambia kibovu? Basi Baba akadhani anakaribia kufika. Ile heshima ndiyo iliyompoteza.

Nimezionja zile sufuria za jana mbele yake. Moja ni kama maji ya bahari. Ya pili haina chumvi hata chembe. Ya tatu imejaa iliki mpaka yawa chungu. Nikamwambia kila moja ilivyo. Alitikisa kichwa kwa kila moja, kama mwanafunzi wangu anayerudishiwa mtihani.

Kisha nikamuuliza lile lililobaki. Kwa nini alimwacha Kadzo aitwe mwizi? Aligeukia ukuta. Sijapata kumwona Baba akilia, na leo pia sikumwona, nilisikia tu.

Nampenda. Na nina hasira naye. Na mimi ndiye niliyepiga kelele barabarani, si yeye.

Jumapili, 13 Julai

Tumekwenda Maweni. Baba katangulia, kavaa kanzu ya Ijumaa. Kadzo alikuwa akipukuchua mahindi na majirani zake. Nilitaka tumwite pembeni. Baba akakataa. Akasimama pale pale, mbele ya wote. "Chakula nilimpa mimi. Nikasema uongo. Mama huyu si mwizi." Nami nikaomba radhi, sauti haikutoka vizuri, nikarudia.

Kadzo aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu. Kisha akasema, "Mzee, chumvi ilikuwa nyingi."

Majirani wakacheka. Baba naye, baada ya kitambo. Kadzo hakucheka. Amesema atarudi Jumanne, lakini nikiwa na neno naye, nimwambie ndani ya nyumba. Nimekubali. Ana haki.

Njiani nikamwambia Baba aende kwa Bi Rukia leo leo, amweleze, watafute mpishi mwingine. Akasema alimwahidi mtu aliyekufa, na mtu aliyekufa hana pa kumwendea kumwomba radhi.

Jumatano, 16 Julai

Hatusemezani. Nimesema nitamwambia Bi Rukia mwenyewe. Kasema nikifanya hivyo nitakuwa nimemzika kabla ya siku yake. Sijaenda. Sijui kama ni huruma au ni woga. Watu mia na ushei watakula mkono wa mtu asiyejua anachopika.

Kadzo karudi. Kafua, kafagia, kaondoka.

Ijumaa, 18 Julai

Nimeomba ruhusa shuleni. Kumenya vitunguu uani kwa Bi Rukia mchana kutwa. Baba kakaa kitini anaamuru wapishi vijana. Sauti yake ile ya zamani. Mtu hawezi kujua.

Jumapili, 20 Julai

Nilichoka jana, sikuweza kuandika.

Masufuria yalishushwa kabla ya adhuhuri. Wali kando, rojo kando. Wazee wakasogea, akiwemo babake bwana harusi. Wakapisha njia, Baba aonje. Nilikuwa nimesimama na wanawake karibu na mlango wa ua.

Baba akachota rojo kwa upawa. Akaushika mbele ya midomo. Nikajua sasa ataonja, atasema tayari, na litakalokuwa liwe.

Akaushusha.

"Mimi ulimi wangu umekufa," akasema. "Tangu Idi. Sinusi wala sionji. Mwanaidi, njoo."

Bi Rukia akaweka mkono kifuani. Nilipita katikati ya wale wazee na nilihisi macho yao mgongoni. Baba akanipa upawa. Mkono wake ulikuwa baridi na moto ule wote ulikuwa mbele yetu.

Nikaonja. Nyama laini. Kitunguu sawa sawa. Ndimu ipo, dalasini ipo. Kazi ya mtu anayejua. Lakini chumvi haikutosha.

Wakati ule kusema tayari kungekuwa rahisi sana. Kungemtoa na heshima yake yote. Babake bwana harusi alikuwa ananitazama usoni.

"Chumvi haijafika, Baba."

Hakukasirika. Akafungua mkono wake wazi mbele yangu, akajimiminia chumvi kiganjani. Kiasi hiki? Ongeza. Hiki? Basi. Akaitia, akakoroga polepole, akanirudishia upawa. Nikaonja tena.

"Tayari," nikasema. Neno lake, kinywa changu.

Wakala. Waliorudia ni wengi. Bi Rukia alinishika mikono yote miwili. Wako watakaosema maneno mjini, najua, mpishi asiyeonja. Waseme. Baba alirudi nyumbani kwa miguu, akalala mpaka magharibi bila kuvua kanzu.

Ijumaa, 1 Agosti

Bili ya gesi imeletwa. Mitungi miwili, na wa pili bado mzito. Nimelipa.

Harufu haijamrudia. Siku hizi namwambia mwenyewe, asumini imechanua kwa jirani, samaki huyu si wa leo, mvua yaja. Huitikia kwa kichwa.

Leo maharage ya nazi yaliungua. Madaftari tena. Juu hayakuonyesha kitu, na Baba alikuwa na njaa, tonge liko mkononi. Ningenyamaza angekula na kushukuru.

"Yameungua, Baba."

Akarudisha tonge. Akaisukuma sahani mpaka ukingoni mwa mkeka, kama zamani. "Mwanaidi, maharage yaliyoungua mimi sili."

Nikainuka nikamkaangia mayai.